Majigambo na Kujiamini: Nafasi ya Hadhira katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuigawa sauti ya mtunzi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la sauti inayojisifu: sauti ya shujaa anayejigamba mbele ya maadui, ya malenga anayewatambia malenga wenziwe, ya mshairi wa gazetini anayejiita bingwa kabla hajaitwa hivyo na mtu. Fungu la pili ni la sauti inayojidunisha: mtunzi wa utenzi anayemwomba Mola msamaha, anayewataka radhi wasomaji kwa upungufu wa lugha yake, na anayejitaja mwishoni kama mja dhaifu. Sauti ya kwanza hupewa jina la kiburi au, mhakiki akiwa mkarimu, ushujaa. Ya pili huitwa unyenyekevu, na mjadala huishia hapo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hautufikishi mbali. Kujisifu na kujidunisha ni desturi za utunzi, na desturi yaweza kufuatwa na mtu wa tabia yoyote. Mtu aweza kujigamba kwa sababu ana hofu. Aweza pia kujidunisha ili asifiwe kwa unyenyekevu wake. Swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza ni jingine: sauti hii imeegemea nini? Je, inategemea hadhira iipigie makofi ndipo isimame, au inasimama hata hadhira ikiondoka? Tukiliuliza swali hili, tutaona kwamba historia ya ushairi wetu, tangu Pate ya karne ya 18 hadi magereza ya Kenya huru, imekuwa ikilijadili jambo hili kwa kina kuliko tulivyodhani. Tutaona pia kwamba swali hilo linatuhusu sisi wahakiki wenyewe.

Istilahi na Hekima ya Methali

Ni vyema tuyatenganishe maneno matatu yanayochanganywa mara kwa mara. Majigambo ni fani. Ni utungo au sehemu ya utungo ambamo msemaji hujitangaza kwa nguvu, nasaba na matendo yake. Fani hii ni kongwe katika Afrika Mashariki, na wataalamu wa fasihi simulizi huiita pia kivugo kutokana na tungo za mashujaa za eneo la Maziwa Makuu. Majivuno ni tabia. Ni hali ya mtu kujiona mkubwa na kutaka wengine waone hivyo. Kujiamini nako ni msimamo: mtu anajua alicho nacho na asicho nacho, na ujuzi huo haubadiliki kwa kutazamwa au kutotazamwa.

Lugha yenyewe imekwisha kuyapima mambo haya. Debe tupu haliachi kuvuma; kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hizi tatu hutajwa pamoja kana kwamba zinasema jambo moja, yaani kelele ni mbaya na kimya ni kizuri. Lakini tukiichunguza ile ya mgema tunaona ugumu zaidi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hapa mgema hakupiga kelele hata kidogo. Kilichomharibu ni kwamba alihamisha kipimo cha kazi yake kutoka kwenye tembo kukipeleka kwenye vinywa vya wanywaji. Alipoacha kulionja tembo lake mwenyewe na kuanza kuzionja sifa, kazi ikaharibika. Tatizo basi si sauti kubwa wala ndogo, bali ni mahali kipimo kinapowekwa.

Kuna pia methali inayoonekana kupinga haya: mcheza kwao hutunzwa. Sanaa ya Waswahili ni ya hadhara, na mtunzi asiyejali kabisa wasikilizaji wake ni mgeni katika utamaduni huu. Hatudai kwamba mtunzi bora ni yule anayejifungia. Tunadai kwamba kutunzwa hufuata mchezo; anayecheza kwa ajili ya tuzo peke yake, mchezo wake utakuwa na shabaha nyingine.

Pate: Mtunzi Mmoja, Tungo Mbili

Mfano wetu wa kwanza ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi takriban kati ya 1720 na 1820. Anajulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, utungo uliohaririwa na William Hichens mwaka 1939 na baadaye na James de Vere Allen mwaka 1977. Wataalamu humnasibishia pia Takhmisi ya Liyongo, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Katika fani ya takhmisi, mtunzi huchukua beti za watangulizi zenye vipande viwili akaziongezea vipande vitatu, zikawa za vitano. Katika utungo huu vipande vya asili ni maneno ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye zama zake zingali zinabishaniwa, na maneno hayo ni majigambo ya mtu aliyefungwa.

Kwa mtazamo wa haraka, tungo hizi mbili haziwezi kutoka katika kalamu moja. Al-Inkishafi ni utungo wa kuhukumu fahari. Takhmisi ni utungo wa kujifaharisha. Huko, mtunzi anauonya moyo wake usihadaike na dunia. Huku, anakopesha sauti yake kwa shujaa anayejilinganisha na simba. Mtu aweza kuueleza ukinzani huu kwa kusema kwamba utungo mmoja ni wa ujana na mwingine ni wa uzee. Maelezo hayo ni mepesi, na hakuna tarehe za kuyathibitisha. Tunaona kwamba ukinzani wenyewe haupo.

Tuutazame kwanza muktadha wa Al-Inkishafi. Katika karne za 17 na 18 Pate ilikuwa miongoni mwa miji yenye nguvu na utajiri mkubwa katika upwa wa kaskazini. Baadaye ugomvi wa watawala na vita na majirani viliudhoofisha mji, na mnamo 1812 hivi majeshi ya Pate yakishirikiana na Mazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Mtunzi aliyeishi hadi miaka hiyo aliyaona magofu kwa macho yake. Anaeleza majumba yaliyong'aa kwa taa, zidaka zilizopangwa vyombo vya kauri, na matajiri waliotembea kwa madaha, shingo zikiyumba, wakitanguliwa na kufuatwa na walinzi. Kisha anaonyesha zidaka zizo hizo zikiwa viota vya ndege wa mwituni, na kumbi zikiwa za popo na buibui.

Wahakiki wengi wameusoma utungo huu kama mahubiri juu ya mauti, nao hawakukosea. Hata hivyo, tukizingatia aina ya vitu vilivyotajwa, tunaona jambo la ziada. Karibu vyote ni vitu vya kutazamwa. Kauri haikupangwa katika zidaka ili iliwe chakula, bali ili mgeni aingiapo aione. Walinzi wa mbele na wa nyuma wanamfanya tajiri aonekane mtu wa kulindwa. Hata mwendo wa madaha ni mwendo unaohitaji jicho la mpita njia. Fahari ya Pate, kama mtunzi anavyoichora, ni fahari iliyojengwa juu ya watazamaji. Na watazamaji walipoondoka, hakuna kilichobaki ila kuta. Popo hamtazami mtu.

Fani ya utungo inakubaliana na hoja hii. Mtunzi hakuwaelekea watu wa Pate na kuwakemea. Aliuelekea moyo wake mwenyewe, akauuliza na kuubishia. Angeweza kabisa kupanda mimbari, kwani alikuwa sharifu na mwanachuoni, na hadhira ilikuwepo. Lakini mtu anayewakemea wengine kwa kupenda kuonekana hana budi kuonekana akikemea, na papo hapo ameingia katika mtego anaoulaani. Kwa kuufanya moyo wake kuwa msikilizaji wa kwanza, Sayyid Abdalla aliuepuka mtego huo. Sisi wasomaji tunasikia mazungumzo ambayo hatukuelekezewa, na kwa sababu hiyo tunayaamini.

Sasa tuirudie Takhmisi. Liyongo anayejigamba humo ni mtu aliyenyang'anywa kila kitu: uhuru, silaha na watu wake. Hana zidaka wala walinzi, ila wale wanaomlinda asitoroke. Sifa anazojipa haziegemei chochote kinachoweza kuondolewa, kwa maana vyote vimekwisha ondolewa. Matajiri wa Pate walijivuna wakiwa na kila kitu. Liyongo anajigamba akiwa hana kitu. Kwa kipimo chetu, majigambo yake yako karibu na utulivu wa mtunzi wa Al-Inkishafi kuliko yalivyo karibu na madaha ya Pate. Tungo zote mbili zinauliza swali moja: mtu akivuliwa vyote, hubaki nani? Hata kama unasibishaji wa Takhmisi utatiliwa shaka siku moja, hoja haitavunjika. Mapokeo yaliyoziweka tungo hizi chini ya jina moja hayakuona ukinzani baina yake, nayo yalikuwa na haki.

Mwana Kupona: Kujitolea Ushahidi

Mfano wa pili unatoka katika visiwa hivyo hivyo vya kaskazini. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ukiwa wosia kwa binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyempinga Sayyid Said wa Zanzibar, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Utendi huu, uliohaririwa na Alice Werner na Hichens mwaka 1934, umezua mjadala mrefu. Wako wanaouona kuwa chombo cha kumtiisha mwanamke, na wako wanaosema kwamba chini ya utii huo pana ujanja na nguvu. Mjadala huo ni muhimu, lakini umejikita katika yaliyosemwa, ukaiacha kando namna yalivyosemwa.

Mwana Kupona anaanza kwa kumwita bintiye asogee karibu na wino na karatasi. Chumba ni kidogo na msikilizaji ni mmoja. Katikati ya mawaidha anaitaja ndoa yake mwenyewe, akieleza jinsi alivyoishi na mumewe bila ya ugomvi. Hapa, kwa mujibu wa mgawanyo wa kawaida, tungesema kwamba anajisifu. Lakini maneno haya hayakuwekwa ili yastaajabiwe. Yamewekwa kama ushahidi: ninayokuambia nimeyatenda, nawe uliyaona. Bintiye aliishi katika nyumba ile. Lau mama angetia chumvi, msikilizaji angejua. Kujisifu mbele ya anayekujua ni jambo gumu kuliko kujisifu mbele ya umati, maana umati hauna namna ya kupima.

Mwishoni mwa utendi hadhira inapanuka, na mtunzi anawaalika wanawake wengine wausome. Mpangilio huu una maana. Utungo umepita kwanza katika sikio la mtu mmoja mwenye uwezo wa kuukanusha, ndipo ukatolewa kwa wengi. Tungo nyingi za kujionyesha hufuata njia ya kinyume: huanza kwa umati, na mtu wa karibu haulizwi kamwe.

Muyaka: Jigambo Linalotaka Jibu

Huenda msomaji akasema kwamba mifano hii imechaguliwa kwa upendeleo, kwani yote ni ya gerezani, ya magofuni au ya kitandani. Vipi kuhusu mtunzi wa hadhara? Hapa hatuna budi kumjadili Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa (1776–1840). Imezoeleka kusemwa kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akauingiza sokoni. Alikuwa msemaji wa mji wake na swahibu wa watawala wa Kimazrui, na tungo zake za kisiasa zimejaa vitisho, kejeli na majigambo dhidi ya Lamu na dhidi ya Sayyid Said. Ikiwa kuna mtunzi aliyeihitaji hadhira, ni yeye.

Tofauti muhimu hapa ni kati ya mtazamaji na mshindani. Majigambo ya Muyaka hayakutungwa ili watu wake wapige makofi tu. Yalipelekwa ng'ambo ya pili, kwa watu wenye washairi wao, nao walijibu. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa mmoja wa waliojibizana na upande wa Mombasa na Pate kwa beti. Anayejigamba mbele ya mshindani mwenye ulimi kama wake amejiweka katika mizani. Akisema uwongo atarudishiwa kwa vina na mizani vilivyo bora kuliko vyake. Anayetaka kuvutia watu humwepuka msikilizaji wa namna hii. Huyataka macho, haitaki midomo. Desturi ya kujibizana, kwa hiyo, ilikuwa shule ya kujiamini hata pale ilipotumia lugha ya majivuno.

Historia iliyahukumu majigambo yale kwa ukali. Mwaka 1837 utawala wa Mazrui ulianguka, na miaka mitatu baadaye Muyaka akafariki. Mji aliousifu kuwa hauwezekani uliwezekana. Lau tungo zake zingeegemea ushindi peke yake, zingekufa pamoja na ushindi. Lakini zilihifadhiwa katika vinywa vya watu, na hasa katika kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, ambaye kwa msaada wake W. E. Taylor alizinakili. Hichens alichapisha diwani mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa utafiti wake mpana. Muyaka hakuacha diwani aliyoipanga mwenyewe. Aliacha beti zilizokuwa na uzito wa kukumbukwa, na wale waliozikumbuka walifanya hivyo bila ya kutarajia chochote kutoka kwake.

Siti binti Saad na Jibu la Utulivu

Katika karne ya 20 hadhira ilibadilika. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, liliwafungulia washairi uwanja uliovuka mipaka ya mji. Santuri nazo zilimwezesha mwimbaji kusikika mahali ambapo hajawahi kufika. Kwa mara ya kwanza msanii angeweza kuwa na hadhira ambayo hataiona kamwe. Hali hii ilizidisha kishawishi cha kuvutia watu, maana asiyekuona humlazimu msanii kujitangaza zaidi.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja na kufariki 1950, ni kielelezo cha zama hizo. Alitoka katika jamaa ya wafinyanzi, naye mwenyewe aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri zilizolieneza jina lake pwani nzima. Wapinzani wake hawakuweza kuikana sauti yake, kwa hiyo walimsema kwa nasaba na sura yake. Angeweza kujibu kwa namna mbili zilizozoeleka: kujitungia nasaba, kama walivyofanya wengi katika jamii iliyothamini mno ukoo, au kujipamba ili awavutie waliomcheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijibu kwa wimbo uliokiri kwamba uzuri wa sura si hoja, na uliokitaja kile alicho nacho, yaani maarifa ya kazi yake.

Kukiri huku ndiko kunakotuhusu. Kujiamini hakukumtaka Siti akanushe kasoro aliyopewa. Kulimwezesha kuikubali bila ya kutikisika, kwa kuwa thamani yake haikuwa pale walipopiga. Shaaban Robert alilitambua jambo hili. Katika wasifu wake wa Siti, uliotokea 1958, alimchukua mwanamke asiye na ukoo mkubwa wala elimu ya shule akamfanya kielelezo cha utu. Uamuzi huo wa kifasihi una uzito wake. Wakati huo wasifu mwingi ulioandikwa ulikuwa wa watawala na wasafiri. Kumwandikia muuza vyungu wa zamani kulihitaji mwandishi mwenyewe awe na imani katika kipimo chake. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikijua vizuri cheo kisicholingana na uwezo.

Gerezani tena: Abdilatif Abdalla

Tulianza na mfungwa, na historia inaturejesha kwa mfungwa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968 uliohoji Kenya inaelekea wapi. Akiwa kizuizini alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Mashairi haya yalitungwa katika hali ambayo ni nadra katika fasihi yetu: mtunzi hakuwa na hakika kwamba yatasomwa na mtu yeyote. Karatasi ingeweza kunyakuliwa na mlinzi siku yoyote. Hata hivyo, hakuilegeza fani. Vina na mizani vimetimizwa kwa ukamilifu uleule ambao malenga wa Mvita angeuonyesha mbele ya malenga wenziwe. Kwa nini mtu aijali fani pasipo mtazamaji? Mwenye kutunga ili avutie hana sababu ya kufanya hivyo gizani. Jibu linalowezekana ni kwamba fani haikuwa pambo la kuonyeshwa. Ilikuwa sehemu ya msimamo wenyewe. Katika shairi liitwalo Siwati, msemaji anakataa kuuacha msimamo wake, na utiifu wake kwa kanuni za utunzi ni namna nyingine ya kukataa huko. Lugha yake si ya kufoka. Haina haja ya kufoka, kwa kuwa hamna wa kushawishiwa ndani ya chumba kile ila msemaji mwenyewe. Kati yake na Liyongo wa Takhmisi pana umbali wa karne kadhaa, lakini mahali wanaposimama ni pamoja.

Kutoka kwa Watunzi hadi kwa Wahakiki

Kipimo tulichokitumia kinaweza kutusaidia kuusoma upya mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka 1974, baadhi ya watetezi wa mapokeo walidai kwamba washairi wa mtindo huru walitaka tu kuonekana wasomi, na baadhi ya wanamabadiliko walidai kwamba wanamapokeo walijificha nyuma ya vina ili wafiche ukavu wa mawazo. Kila upande uliushtaki mwingine kwa kosa lile lile: kutaka kuvutia. Mashtaka hayo yangeweza kupimwa utungo kwa utungo. Viko vina vilivyowekwa ili msikilizaji ashangae, na viko vilivyowekwa kwa sababu hoja haingesimama bila yavyo. Uko uhuru wa mistari uliotokana na wazo jipya, na uko uliotokana na hamu ya kufanana na washairi wa ng'ambo. Kwa kulifanya suala kuwa la makundi, tulikosa nafasi ya kulifanya la uhakiki.

Na hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Uhakiki wa Kiswahili katika vyuo vyetu ulikua wakati ambapo idara za Kiswahili zilihitaji kuthibitisha kwamba nazo ni idara za kitaaluma. Hitaji hilo lilikuwa la haki, lakini limetuachia tabia ambayo msomaji wa tasnifu ataitambua mara moja. Mwanafunzi wa uzamili huanza kwa sura nzima ya nadharia, akaorodhesha majina ya wanafalsafa wa Ulaya, kisha anapolifikia shairi analitendea kama mgeni aliyechelewa. Nadharia hiyo aghalabu haifanyi kazi yoyote katika uchambuzi. Ukiiondoa, uchambuzi unabaki vilevile. Imepangwa kama kauri katika zidaka, ili mtahini aingiapo aione.

Hatuikatai nadharia, wala hatudai kwamba mhakiki wa Kiswahili asiwasome wasio Waswahili. Sayyid Abdalla mwenyewe alinywea sana katika fasihi ya Kiarabu, wala haikumfanya kibaraka wa mtu. Tofauti ni kwamba alichokichukua kilikuwa kikifanya kazi. Wala lawama haiwaangukii wanafunzi peke yao. Mwanafunzi huandika kwa ajili ya mtahini, na ikiwa sisi tunayatunuku majina kuliko masomo, tumemfunza afuate njia ya mgema. Swali la kumwuliza katika kikao cha kutetea tasnifu ni jepesi: utungo huu uliusoma mara ngapi, na ni wapi ulipokukatalia nadharia yako? Anayeweza kulijibu anajiamini, hata kama sauti yake inatetemeka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya ushairi wa Kiswahili haiwapangi watunzi katika wenye kelele na wenye kimya. Liyongo anajigamba na Muyaka anatamba, nasi tunawaamini. Matajiri wa Pate walitembea kimya kwa madaha, na fahari yao ikageuka makao ya popo. Kinachotenganisha kujiamini na kujionyesha ni egemeo. Sayyid Abdalla aliuelekea moyo wake, Mwana Kupona alimwelekea binti aliyemjua, Muyaka alimwelekea mshindani aliyeweza kumjibu, Siti aliielekea kazi yake, na Abdilatif Abdalla aliuelekea msimamo wake. Kila mmoja alichagua msikilizaji mgumu kuliko umati. Hadhira iliwajia baadaye, na iliwakuta wamekwisha simama.

Mhakiki naye ana msikilizaji wake mgumu. Ni utungo wenyewe, ambao haustaajabii majina tunayoyataja, na ambao utaendelea kusomwa baada ya sisi na istilahi zetu kuondoka.